Nauli ya Dar hadi Manchester kwa watu watatu: tukate lini, kwa nani?

Swali: "Naishi Morogoro. Binti yangu anamaliza shahada yake ya kwanza Manchester, Uingereza, na mahafali ni katikati ya Julai. Tunataka kwenda watatu: mimi, baba yake na mdogo wangu. Wakala mmoja hapa mjini ametupigia hesabu, anasema tutangulize nusu ya fedha leo kwa sababu bei inapanda kila siku. Mpwa wangu naye anasema tusubiri wiki ya mwisho, viti vikibaki vitupu watashusha, au tutafute Jumanne usiku wa manane. Viza bado hatujaomba. Tufanyeje nauli isituumize?"

Shikamoo mama, na hongera sana kwa binti. Nimefanya kazi ya kukata tiketi Dar es Salaam kwa muda mrefu, na familia zenye safari kama yenu ndizo ninazozihangaikia zaidi, kwa sababu fedha yenyewe imekusanywa kwa jasho na hakuna nafasi ya kurudia.

Nianze na mpwa wako, maana ushauri wake ndio unaoweza kuwagharimu zaidi. Kusubiri dakika za mwisho kuna maana kwa ndege za kukodi zinazoleta watalii, ambako kampuni ya utalii imeshalipia viti na vyumba vya hoteli na inataka kuvijaza. Ndege za ratiba mtakazopanda ninyi hufanya kinyume. Shirika linajua kwamba anayekata tiketi siku tano kabla ya safari ni mfanyabiashara au mtu mwenye msiba, na wote wawili hawana ujanja, watalipa bei yoyote. Kwa hiyo viti vya mwisho huwekwa bei ya juu makusudi. Vikibaki vitupu, shirika linaona heri viondoke hivyo kuliko kuwazoesha abiria kungoja.

Na Jumanne usiku wa manane mwachieni usingizi wenu. Siku ya kununua haina uzito huo. Yenye uzito ni siku ya kuruka. Nauli nyingi zina masharti yanayotofautisha katikati ya wiki na mwishoni mwa wiki, kwa hiyo kuondoka Jumanne au Jumatano mara nyingi ni nafuu kuliko kuondoka Ijumaa au Jumamosi, hata mkiwa mmenunua saa moja ileile.

Sasa niwaeleze bei inavyopanda, kwa sababu mkishaelewa hili hamtababaishwa na mtu. Ndani ya ndege moja, kule nyuma kwenye daraja la kawaida, viti vinafanana na chakula ni kilekile. Lakini kwenye kompyuta ya shirika viti hivyo vimegawanywa katika mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Fungu la chini kabisa lina viti vichache. Vikiisha, anayefuata anapandishwa kwenye fungu la juu yake, na kuendelea. Ndiyo maana bei uliyoiona saa nne asubuhi unaweza kuikuta imepanda saa nane mchana: wengine wamenunua katikati. Wengi hudhani simu yao inapelelezwa, wakaanza kufuta kumbukumbu za kivinjari. Kiti kimeuzwa tu, basi.

Hapa ndipo penye jambo linalowahusu ninyi watatu moja kwa moja. Mkitafuta viti vitatu kwa pamoja, na fungu la chini limebaki na viti viwili, mfumo hauwapi wawili kwa bei ya chini na mmoja kwa bei ya juu. Unawapandisha wote. Tuseme, kwa mfano tu, fungu la chini ni dola 750 na linalofuata ni dola 880. Mkitafuta watatu mtaonyeshwa 880 mara tatu, yaani dola 2,640. Lakini mkikata tiketi mbili kwanza, kisha ya tatu peke yake, ni 750 mara mbili na 880 mara moja, jumla dola 2,380. Dola 260 zimebaki kwenu, ndege ni ileile na safu huenda ikawa ileile. Kwa hiyo kila mnapotafuta, anzeni na mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, mwone bei ya kila mtu inarukia wapi. Mkigawanya hivyo, mzee na wewe muwe kwenye bukingi moja, na mdogo wako awe na yake. Kisha pigeni simu kwa shirika waziunganishe bukingi hizo kwa maandishi, ili ratiba ikibadilika msije mkahamishiwa ndege tofauti.

Kabla hatujafika mbali, mwulizeni binti jambo moja: chuo kimempa nafasi ngapi za wageni ukumbini? Vyuo vingi vya Uingereza hutoa mbili tu kwa kila mhitimu, na za ziada hupatikana kwa bahati au kwa kulipia. Mdogo wako anaweza kuwa na sababu zake nyingine za kwenda, na hilo ni jema. Lakini kama anakwenda kwa ajili ya ukumbi peke yake, ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa nauli ya tatu.

Tuje kwenye tarehe, maana huko ndiko fedha nyingi ilikolala. Julai na Agosti ndege za Afrika Mashariki hujaa, ila tazameni zinajaa zikielekea wapi. Watalii wanakuja kwetu kuona Serengeti na kupumzika Zanzibar. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wanakuja na watoto likizo. Shule za England hufunga karibu na tarehe 20 Julai, na kuanzia hapo viti vya kutoka Manchester kuja Dar vinagombaniwa. Mwishoni mwa Agosti msururu unageuka, kila mtu anarudi Ulaya. Ninyi mnasafiri kinyume cha mkondo huo. Kwenda kwenu mwanzoni mwa Julai kwa kawaida si tatizo kubwa. Kitakachowapandishia bei ni siku ya kurudi.

Watu wengi huja na tarehe mbili walizozikariri, wanahangaika na mashirika kumi, kumbe tarehe ya kurudi ndiyo inayowachinja. Mahafali yakiwa katikati ya Julai, mna njia mbili. Ya kwanza ni kurudi upesi, siku tatu au nne baada ya sherehe, kabla shule hazijafunga. Ya pili ni kukaa hadi mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, mkondo ukishageuka. Viza ya kawaida ya mgeni Uingereza huruhusu kukaa hadi miezi sita, kwa hiyo sheria haiwabani. Kitakachowabana ni mahali pa kulala. Chumba cha mwanafunzi hakibebi wageni watatu, na mkataba wake wa kupanga unaweza kuwa umeisha. Mkilipa malazi kwa wiki sita au zaidi ili kuokoa nauli, mmejidanganya. Kama hakuna ndugu wa kuwapokea, mimi ningechagua kurudi upesi.

Chombo cha kuonea haya yote ni Google Flights au Skyscanner. Mwambieni binti awasaidie, yeye yuko karibu na mtandao. Google Flights ina kalenda inayoonyesha bei ya kila siku, pamoja na jedwali ambalo siku za kwenda zimepangwa upande mmoja na za kurudi upande mwingine. Sogezeni kurudi siku moja moja na mwangalie tarakimu zinavyocheza. Pia kuna kitufe cha kufuatilia bei, ambacho hutuma barua pepe nauli ikibadilika. Anzeni kufuatilia sasa hivi, hata kabla ya viza, ili siku ya kununua ikifika mjue bei ipi ni ya kawaida na ipi imepaa. Wekeni tiketi ya kwenda na kurudi. Kwenye safari ndefu kama hii, tiketi mbili za njia moja mara nyingi huzidi bei ya kwenda na kurudi, na mgeni anayefika Uingereza bila tiketi ya kurudi anajitafutia maswali dirishani.

Kuhusu mashirika, Dar mna bahati. Qatar Airways kupitia Doha, Emirates kupitia Dubai, Turkish kupitia Istanbul, KLM kupitia Amsterdam, Ethiopian kupitia Addis Ababa na EgyptAir kupitia Cairo, yote hufika Dar na yote hufika Manchester kwenyewe. Kenya Airways kupitia Nairobi na RwandAir kupitia Kigali huwafikisha London. Linganisheni kwa haki: nauli ya London ikiwa nafuu, ongezeni basi au treni ya kwenda Manchester, ambayo kwa watu watatu, kwenda na kurudi, si fedha ndogo, hasa ikikatwa siku hiyohiyo. Treni ya kutoka kituo cha Euston huchukua kama saa mbili, lakini lazima kwanza mfike Euston kutoka Heathrow na mabegi yenu. Kwa wazee waliotoka kukesha angani, ningetaka tofauti iwe kubwa kweli ndipo niwashauri kushukia London.

Wapo watakaowaambia mpande basi hadi Nairobi, kwa sababu huko British Airways na Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi London. Kwa mtu wa Arusha au Moshi ni jambo la kupigia hesabu, maana Namanga iko karibu, ingawa na yeye ana uwanja wa Kilimanjaro ambako KLM, Qatar na Ethiopian hutua. Ninyi wa Morogoro treni ya SGR inawafikisha Dar mkiwa hamjachoka. Msiuze raha hiyo kwa safari ya basi ya kuvuka mpaka.

Sasa mtego ambao nauogopa kuliko yote. Mkitafuta mtandaoni mtaona nauli ya chini sana iliyotengenezwa kwa tiketi mbili zisizojuana: moja ya kutoka Dar hadi mji fulani wa Ulaya, nyingine ya shirika la bei poa kutoka hapo hadi Manchester. Kwa maandishi madogo itasema abiria anajiunganishia mwenyewe. Maana yake ni hii. Mkifika mji ule, begi halitaendelea. Lazima mtoke nje mlichukue, mlipeleke tena kaunta, mpite ukaguzi upya. Na kutoka nje ni kuingia nchi ya watu. Mkiwa Amsterdam, hiyo ni viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na viza ya Uingereza haiwaruhusu. Wengi wamezuiwa hapahapa Dar kaunta ya kupakia, kabla hata ya kuiona ndege. Na hata mkiwa na viza, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili itaondoka na hakuna atakayewalipa, kwa sababu hakuna shirika lililowaahidi kuunganisha.

Tiketi moja ya Dar hadi Manchester kupitia Amsterdam ni jambo tofauti. Begi mnalikuta Manchester, mnabaki ndani ya eneo la abiria wanaopita, na Mtanzania hahitaji viza kwa hilo. Ila angalieni msiunganishwe mara mbili ndani ya nchi za Schengen, mathalani Zurich kisha Amsterdam, kwa sababu kuruka kati ya miji hiyo miwili ni kuingia Schengen. Ndugu zetu wa Kongo ya Kinshasa wawe waangalifu zaidi: wao huhitaji viza ya kupita uwanjani hata wakiwa kwenye tiketi moja, isipokuwa wawe na viza au vibali vinavyowasamehe. Mtu wa Bukavu anayekwenda Manchester ni bora aanze kuangalia njia za Istanbul, Doha au Kigali.

Kuhusu viza yenyewe: msilipie tiketi isiyorudishika kabla ya majibu. Ombi la viza ya mgeni Uingereza halidai tiketi iliyolipiwa. Linataka kuona mpango wa safari na fedha za kuugharimia. Mnaweza kuomba mapema miezi mitatu kabla ya kuondoka, si zaidi. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa hiyo kama mnaondoka mwanzoni mwa Julai, ombeni mwanzoni mwa Aprili, mwezi wa tano mtakuwa na pasi zenu mkononi, na wakati huo mafungu ya chini kwa kawaida bado yapo, hasa katikati ya wiki. Mkichelewa kuomba hadi Juni, mtanunua mafungu ya juu hata mkiwa na akili ya namna gani. Katika safari yenu, kuwahi viza ndiko kuwahi nauli nafuu.

Je, kuna namna ya kushikilia bei wakati mnangoja? Ipo. Baadhi ya mashirika hukuruhusu kushika nauli kwa siku chache kwa ada ndogo. Wakala naye anaweza kuwafanyia bukingi isiyolipiwa, yenye siku ya mwisho ya kukatwa tiketi. Siku hiyo ikipita, bukingi inajifuta yenyewe. Wengine watawaambia kwamba mkinunua mnaweza kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha. Hiyo ni sheria ya Marekani kwa safari zinazogusa Marekani. Kwa Manchester, someni masharti ya nauli husika, na ulizeni kaunta swali hili kwa maneno haya: viza ikikataliwa, tukileta barua ya kukataliwa, mnarudisha kiasi gani? Majibu hutofautiana sana, na tofauti ya dola 40 kati ya nauli inayorudisha na isiyorudisha inaweza kuwa dola 40 zenye busara kuliko zote mtakazotumia.

Nauli ikiwa rahisi mno kuliko wenzake, tazameni mzigo. KLM, kwa mfano, huuza nauli iitwayo Light isiyo na begi la kupakia, mkoba wa mkononi tu. Mashirika mengine yanayochukua abiria kwetu huweka mabegi mawili ya kilo 23 kwenye baadhi ya nauli. Najua mtambebea binti unga, dagaa na vitenge, na wakati wa kurudi atawabebesha vitu vyake vya miaka mitatu. Begi la ziada likilipiwa uwanjani ni ghali kupita kiasi. Someni kilo za kwenda na za kurudi, zote mbili.

Pia msishangae mkiona kodi zimekula sehemu kubwa ya bei. Uingereza inatoza kodi kwa kila abiria anayeruka kutoka kwake. Kwa umbali wa Tanzania, daraja la kawaida, ilikuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 102. Hiyo tayari imo kwenye tiketi. Faida ya kuijua ni hii: ikitokea mmoja wenu hakusafiri kabisa, hata kama nauli yake hairudishwi, ombeni kodi za viwanja na za serikali zirudishwe, kwa sababu hazidaiwi kwa mtu ambaye hakuruka. Watu wengi hawaombi, na shirika haliwakumbushi.

Jambo jingine fupi: msiruke kipande chochote cha tiketi. Wapo wanaopata nauli nafuu inayoanzia Zanzibar au Nairobi kupitia Dar, wakadhani watapandia Dar tu. Kipande cha kwanza usipokitumia, mfumo unafuta vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi.

Nimalizie na wakala wenu. Sisemi ni mtu mbaya. Mawakala wazuri wapo, na kwa bukingi mbili zinazohitaji kuunganishwa, mtu wa kumpigia simu ana thamani yake. Lakini kutanguliza nusu ya fedha hakuzuii bei kupanda. Bei hufungwa tiketi inapokatwa na kulipiwa yote, si kabla. Nusu yenu ikikaa kwake mwezi mzima, mnamkopesha tu. Mwambieni awafanyie bukingi, awaonyeshe siku ya mwisho ya kukata, na mlipe yote siku viza ikitoka. Hesabu yake ilinganisheni na bei ya tovuti ya shirika lenyewe kwa tarehe zilezile, kilo zilezile. Akizidi kidogo, ni ada yake ya kazi. Akizidi sana, mwulizeni kwa nini.

Siku ya kulipa, msitoke ofisini na karatasi yenye herufi sita peke yake. Hizo herufi sita, zikichanganyika na tarakimu, ni namba ya bukingi, na bukingi inaweza kuwepo bila senti kulipwa. Tiketi ina namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 157 ni Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish, 074 KLM, 071 Ethiopian, 077 EgyptAir, 706 Kenya Airways, 459 RwandAir. Mnatakiwa muwe na namba tatu za namna hiyo, moja kwa kila mtu. Kabla hamjainuka kwenye kiti, fungueni tovuti ya shirika kwenye simu, andikeni namba ya bukingi na jina la ukoo, mwone safari zote mbili zimethibitishwa na majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Jina la mzee likiandikwa Mohamed na pasi inasema Muhammad, lirekebishwe palepale, kwa sababu siku hiyohiyo aliyekata anaweza kuifuta tiketi na kuikata upya. Kesho yake linaweza kuwa suala la kulipia.